Kahawa ya PB: Sifa ya Chekeche Tunayoidhania Kuwa ya Shamba

Tangu bei ya arabika ilipovuka dola nne za Marekani kwa ratili katika soko la New York mwezi Februari 2025, mazungumzo ya kahawa yamerudi kwa nguvu katika vijiji vya Mbozi, Ileje, Rungwe na Mbinga, na miongoni mwake limo moja linalohitaji kutazamwa kwa utulivu. Ni mazungumzo kuhusu PB, kifupi cha neno la Kiingereza peaberry, lile daraja la punje ndogo za mviringo zinazotoka katika tunda lenye mbegu moja badala ya mbili. Watu walioiacha mibuni yao ikamezwa na magugu sasa wanauliza watapata wapi miche ya PB. Wakaangaji wa kahawa mjini Mbeya wanaifungasha peke yake, wanaiuza ghali kuliko kahawa nyingine, na wanamweleza mteja kwamba imetoka kwenye mbuni wa aina ya pekee. Katika vikao vya wakulima nako limeanza kusikika pendekezo kwamba Nyanda za Juu Kusini zijitangaze duniani kwa PB, kwa sababu ndiyo kahawa ya Tanzania ambayo wanywaji wa Marekani wameizoea kwa jina.

Pendekezo hilo limejengwa juu ya msingi usio sahihi. PB si aina ya mbuni, haipandwi, na hakuna mkulima anayeweza kuamua kuivuna. Ni tukio dogo ndani ya tunda, nalo hutenganishwa na mengine baada ya kahawa kuondoka mikononi mwa mkulima, kwenye chekeche za kiwanda cha kukoboa. Sifa inazopewa kikombeni ni, kwa sehemu kubwa, sifa za ardhi, za mwinuko na za mikono iliyochuma, iliyomenya na iliyoanika, na sifa hizo zimo pia katika punje bapa zilizotoka shamba lilelile. Tukizikabidhi zote kwa punje moja, tutakuwa tumeipa sehemu ndogo ya mavuno heshima ya mavuno yote, na mkulima atabaki akisubiri faida ambayo kwa utaratibu uliopo haiwezi kumfikia.

Tuanze na tunda lenyewe. Ua la mbuni lina kifuko cha mbegu chenye vyumba viwili, na kila chumba kina kiyai kimoja. Mambo yakienda kawaida, viyai vyote viwili hurutubishwa, mbegu mbili hukua zikiwa zimegusana, na kila moja hubaki bapa upande wa ndani na mviringo upande wa nje, kama nusu mbili za karanga. Ikitokea kiyai kimoja hakikurutubishwa, au kilirutubishwa kikafa mapema, mbegu iliyobaki hupata nafasi yote na hujikunja ikawa ya mviringo pande zote. Hiyo ndiyo PB. Neno mapema lina uzito wake hapa, kwa sababu mbegu moja ikifa kwa kuchelewa, baada ya mwenzake kuanza kuwa ngumu, haitapatikana punje ya mviringo bali punje bapa ya kawaida iliyokaa karibu na ganda tupu, na hiyo ni hasara tupu kwa mkulima. Ukichukua tunda bivu ukalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, mbegu huchomoka zikiteleza kwa ute wake mtamu. Zikitoka mbili, ni kahawa ya kawaida, na ikitoka moja ya duara yenye mfereji mwembamba uliokatiza urefu wake, umepata PB. Mara nyingi tunda hilo kwa nje halina alama yoyote ya kulitofautisha na majirani zake kwenye kishada, ndiyo maana mchumaji hawezi kulichagua hata akitaka.

Kiasi cha PB katika mavuno ya arabika kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 10, na sababu zinazokipandisha au kukishusha hazina chochote cha kujivunia. Uchavushaji hafifu ni mojawapo. Arabika hujichavusha yenyewe kwa kiwango kikubwa, tofauti na robusta ambayo inahitaji chavua kutoka mti mwingine, na hivyo robusta huathirika zaidi upepo na nyuki wasipofanya kazi yao. Upungufu wa virutubisho, hasa boroni, ni sababu nyingine, pamoja na ukame au joto kali wakati wa maua. Sisi wa Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuishia Aprili au Mei, na mibuni yetu hukaa miezi mingi katika kiangazi kabla mvua za kwanza hazijaiamsha. Maua hufunguka siku chache baada ya mvua hizo, yote kwa pamoja, shamba likageuka jeupe na harufu yake ikasambaa hadi barabarani, kisha yananyauka katika siku mbili au tatu. Mvua kubwa ikipiga katika siku hizo, au jua likikaza mara baada yake, uchavushaji huharibika, na matokeo yake utayaona miezi minane au tisa baadaye katika mavuno. Kwa maneno mengine, PB ikiongezeka ghafla shambani, swali la kwanza la bwana shamba linapaswa kuwa ni nini kilichoisumbua mibuni wakati wa maua.

Ndiyo maana wataalamu wanaotafuta aina bora za kahawa huhesabu wingi wa punje moja kuwa kasoro ya mti. Mbegu moja ya mviringo huwa nzito kuliko mbegu moja bapa, lakini haifikii uzito wa mbegu mbili, na hivyo ndoo ya matunda yenye PB nyingi hutoa kahawa safi pungufu. Mti unaozidisha punje moja huachwa katika mchujo. Mwongozo wa kuandaa mbegu za kitaluni nao husema hivyohivyo: punje za mviringo, punje zilizoungana na zile zenye pembe tatu hutolewa, zikabaki bapa zilizokamilika. Anayeuza miche ya PB kijijini kwa hiyo anauza kitu kisichokuwepo, kwani hata punje ya mviringo ikipandwa ikaota, itatoa mbuni wa kawaida wenye matunda ya mbegu mbili kama mama yake. Zaidi ya hapo, miche chotara inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ambayo Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, imekuwa ikiisambaza kupitia vituo vyake, kikiwemo cha Mbimba wilayani Mbozi na cha Ugano wilayani Mbinga, kwa kiasi kikubwa huzalishwa kwa vipandikizi vya shina ili kila mche uwe sawa na mama yake. Mkulima mwenye fedha ya miche msimu huu aitafute hiyo, na anayemletea hadithi ya miche ya PB amwonyeshe njia ya kurudi alikotoka.

Asili ya kahawa yetu nayo haitupi sababu ya kuiona PB kuwa urithi maalumu wa Afrika Mashariki. Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia na maeneo jirani ya Sudan Kusini, ikapitia Yemen, ikafika kisiwa cha Réunion, na kutoka huko mapadri wa Roho Mtakatifu walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakaileta pwani yetu. Wahaya wa Kagera walikuwa wakitafuna robusta iliyochemshwa na kukaushwa karne nyingi kabla ya hapo. Huku Kusini, wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, walowezi wakaja kufungua mashamba Mbozi, na Wamatengo wa Mbinga wakaanza kupanda kahawa katika miaka ya 1920 kwenye miteremko waliyokuwa wakiilima kwa ngoro, yaani mashimo yanayozuia udongo kumomonyoka. Aina za mibuni za Bourbon, Kent, na baadaye N39 na KP423 zilizochaguliwa katika kituo cha Lyamungu, ndizo zilizoijaza milima hii, na kila moja kati yake hutoa punje moja kwa kiasi chake, kama ifanyavyo mibuni ya Brazili na ya kwingineko duniani. Tofauti iko kwenye uamuzi wa kuitenga na kuiuza kwa jina lake. Kenya na Tanzania zilirithi utaratibu wa madaraja ambao ndani yake PB ina nafasi rasmi kando ya AA na madaraja mengine ya ukubwa wa punje, wakati nchi nyingine nyingi huiacha ichanganyike na punje nyingine.

Utaratibu huo unaeleweka vizuri zaidi kwa kuufuata kiwandani. Kahawa iliyomenywa na kukaushwa hupokelewa ikiwa bado na gamba lake jembamba, hukobolewa na kusuguliwa, kisha hupitishwa juu ya chekeche zinazotikisika. Matundu ya chekeche hizo hupimwa kwa sehemu ya 64 ya inchi, na punje kubwa za AA hubaki juu ya chekeche ya namba 18, ambayo tundu lake lina upana wa milimita 7 hivi. Matundu ya PB hayana umbo la duara. Ni marefu na membamba, na hutenganisha punje ya mviringo na punje bapa kwa unene wake. Baada ya hapo hewa au meza ya mtikisiko huondoa punje nyepesi, na mara nyingi akina mama walioketi mbele ya kahawa hiyo huondoa kwa mkono zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi mbaya. Hadi hapo hakuna chombo chochote kilichoionja kahawa. Kilichopimwa ni ukubwa, umbo na uzito. Gunia la AA kutoka shamba lililochuma matunda mabichi litakuwa na punje kubwa zenye ladha ya majani mabichi, na gunia la PB kutoka shamba hilohilo litakuwa na ladha hiyohiyo ndani ya punje za duara.

Wapo watetezi wa PB wenye hoja nzito, na ni haki kuwasikiliza. Mkaangaji mzoefu atakwambia kwamba punje ya duara hubingirika ndani ya pipa la kukaangia na kupata moto pande zote, wakati punje bapa hulala ubavu mmoja na kuweza kuungua upande uliogusa chuma. Atakwambia pia kwamba PB ni ngumu na imeshikamana zaidi, kwa hiyo humruhusu kuupandisha moto kwa hatua anazozijua bila kuhofia kingo kuungua. Nakubali hayo yote, na sioni sababu ya kumpinga mtu anayezungumza kutokana na kazi ya mikono yake. Ninachoongeza ni kwamba manufaa anayoyaeleza yanatokana zaidi na usawa wa punje. Pipa lililojazwa punje za ukubwa na umbo mmoja hukaanga vizuri, ziwe za duara au bapa. Pipa lenye mchanganyiko humlazimisha mkaangaji kuchagua kati ya kuziunguza ndogo na kuziacha kubwa zikiwa mbichi ndani. Kuitenga PB kwa hiyo ni kazi yenye maana, tena inainufaisha pia ile AA inayobaki. Aidha, kwa kuwa PB ni chache na inatazamwa kwa makini, mara nyingi huwa safi kuliko madaraja ya chini, na kahawa safi huonekana tamu. Huo ni ubora halali, ila umetokana na uchambuzi uliofanywa kiwandani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi, nayo inasema kwamba chakula kilichokusudiwa mbegu mbili kimeingia katika mbegu moja, na kwa hiyo ladha imekuwa mara mbili. Ingekuwa kweli, mbegu hiyo ingekuwa na uzito wa mbili, na tumeona kwamba haina. Mbuni hauna akiba iliyopimwa kwa kila tunda ikisubiri kugawanywa. Sukari inayotengenezwa na majani hugawanywa katika tawi zima kulingana na mahitaji ya matunda yote yaliyomo. Hata kama mbegu hiyo ingepata kidogo zaidi, harufu na ladha tunazozisikia kikombeni huundwa wakati wa kukaanga kutokana na viambato ambavyo wingi na uwiano wake hutegemea zaidi aina ya mbuni, kasi ya kuiva na namna kahawa ilivyoshughulikiwa baada ya kuchumwa. Niliwahi kukaribishwa kwenye meza ya uonjaji mjini Mbeya ambapo vikombe vya AA na vya PB kutoka fungu moja viliwekwa mbele ya waonjaji bila kuambiwa kipi ni kipi. Walivunja povu, wakanusa, wakavuta kahawa kwa vijiko kwa ile sauti kali ya kazi yao, kisha wakaandika. Maoni yao hayakukubaliana. Baadhi waliona PB ina uchachu mkali kidogo zaidi, wengine wakaipa AA alama ya juu kwa utamu, na wote waliitambua kahawa ile kuwa ya Kusini iliyooshwa vizuri. Meza moja haithibitishi jambo, lakini inafanana na yale ambayo watu wanaoonja kila siku husema wanapoulizwa faraghani: mara PB huitangulia AA ya fungu lake, mara huachwa nyuma, na mara nyingi zaidi huenda sambamba.

Hoja ya bei ndiyo inayomgusa mkulima, nayo inastahili hesabu. Ni kweli kwamba mnadani PB huwekwa pamoja na madaraja ya juu, bei yake hukaribiana na ya AA na A, na upo wakati huzipita. Tuchukue mkulima aliyechuma kilo 600 za matunda mabivu. Akizishughulikia vizuri atapata takribani kilo 100 za kahawa safi, na tuseme kilo 8 kati ya hizo ni PB. Tukadirie kwamba soko linaipa PB nyongeza ya sehemu moja ya kumi juu ya wastani wa kahawa yake nyingine. Nyongeza yote aliyoipata ni sawa na bei ya gramu 800 katika kilo 100, yaani chini ya asilimia moja ya mapato yake. Sasa tuseme mkulima huyohuyo alichanganya mabivu na mabichi, akachelewa kumenya hadi siku ya pili, au akaanika chini juu ya turubai na mvua ikamkuta. Fungu lake zima litashuka, kilo zote 100, PB ikiwemo. Hasara ya usiku mmoja wa uzembe inameza nyongeza ya PB ya miaka kadhaa. Naiweka hesabu hii wazi kwa sababu nimeona nguvu nyingi ya mazungumzo ikielekezwa kwenye kilo 8, na kidogo mno kwenye zile 92.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Mkulima wetu, ambaye pamoja na wakulima wadogo wenzake hutoa takribani asilimia 90 ya kahawa ya nchi, hauzi PB. Anakabidhi kahawa kwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao cha eneo lake, ikiwa matunda mabivu au ikiwa imemenywa na kukauka, hupimiwa kwa kilo, hupewa malipo ya awali pale chama kinapokuwa na mkopo wa kuyatoa, kisha husubiri malipo ya pili baada ya mnada. Kahawa yake imechanganywa na ya jirani zake kabla ya kufika kiwandani, na PB inayotoka humo ni ya wote. Utaratibu wa kuuza kupitia vyama vya ushirika, uliosimamiwa kwa mkazo kuanzia msimu wa 2018/2019, ulikusudiwa kumkinga na walanguzi waliokuwa wakinunua kahawa ikiwa bado maua mtini, na katika hilo una utetezi mzuri. Lakini kwa upande wa madaraja unamwacha gizani. Anaposikia redioni kwamba PB imeuzwa bei ya kuridhisha, hana njia ya kujua ni kilo ngapi za chama chake zilikuwa PB, wala fedha hiyo iliingia wapi katika shilingi alizopokea kwa kilo.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba PB ni udanganyifu mtupu wa wafanyabiashara na kwamba daraja hilo lifutwe. Siungani nao. Daraja la PB halimdhuru mtu, linasaidia ukaangaji, na limeipa Tanzania nafasi kwenye rafu za maduka ya Marekani ambako vinginevyo isingetajwa. Kulifuta kungekuwa kutupa mlango uliokwisha kufunguliwa. Shida yangu ni kwamba mlango huo tumeugeuza kuwa nyumba. Mnywaji wa Chicago anayenunua mfuko ulioandikwa Tanzania na umbo la punje amejifunza umbo, na hajajifunza kwamba ipo Mbozi na ipo Mbinga, na kwamba kahawa ya mahali hapo pawili haifanani kabisa na ya Kagera. Japani hali ni ya namna nyingine lakini matokeo ni yaleyale: kanuni za tasnia ya kahawa za huko zinaruhusu arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, iuzwe kwa jina la Kilimanjaro, kwa hiyo kahawa iliyochumwa kwenye miteremko ya Umatengo, zaidi ya kilomita mia kadhaa kutoka kwenye mlima huo, hunywewa Tokyo kwa jina la mlima ambao waliochuma wengi hawajawahi kuuona. Kusini leo hubeba sehemu kubwa ya arabika ya nchi. Kuwa mzalishaji mkubwa kiasi hicho na kujulikana kwa umbo la punje upande mmoja na kwa mlima wa wengine upande mwingine ni hasara ambayo haionekani kwenye mizani ya AMCOS, ingawa ipo kila msimu.

Na sifa za kujulikana nazo tunazo. Mashamba ya Mbozi na Mbinga yako kwa sehemu kubwa kati ya mita 1,200 na 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na tunda huiva polepole, jambo linaloipa mbegu muda wa kukusanya sukari na tindikali zinazoleta uchachu safi. Kiangazi chetu kirefu, kilekile kinachotusumbua wakati wa maua, hugeuka baraka wakati wa mavuno, kwa kuwa kuanzia Juni hadi Septemba anga huwa wazi na kahawa hukauka juu ya vichanja bila mvua kuigusa. Kilimanjaro huvuna kwa kuchelewa, na mavuno yake hukutana na mvua za vuli. Kahawa ya Kusini iliyooshwa vizuri huwa na uchachu unaokumbusha chungwa au zabibu nyeusi, harufu ya maua kwa mbali, na mwisho safi usiokwaruza ulimi. Mwenye kutaka ladha hiyo ataipata akichuma mabivu peke yake, akimenya siku hiyohiyo, akivundika kwa muda unaolingana na baridi ya mahali alipo, akiosha kwa maji safi hadi ute uishe, na akianika kwa tabaka jembamba huku akigeuza hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 11 au 12. Maji ndiyo kikwazo kikubwa katika vijiji vingi, na mtambo wa pamoja wa kumenya unaotumia maji kidogo una thamani kubwa kwa kijiji kuliko kampeni yoyote ya kuitangaza PB.

Masoko yenyewe yanaelekea kwenye mahali. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia huko ionyeshe ilikotoka hadi kwenye shamba, kwa vipimo vya setilaiti, na ithibitike kwamba haikulimwa kwenye ardhi iliyofyekwa misitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wapo wanaoiona kuwa mzigo kwa wakulima wadogo, jambo ambalo si uongo. Hata hivyo, chama kitakachokuwa na ramani za mashamba ya wanachama wake kitakuwa na kitu ambacho daraja haliwezi kukitoa: uwezo wa kusema kahawa hii ni ya kijiji hiki, imechumwa mwezi huu, imeoshwa kwenye mtambo huu. Fungu la namna hiyo likionjwa likapendwa, mnunuzi atalitafuta tena msimu ujao kwa jina lake, na PB iliyomo ndani yake itauzwa vizuri kwa kubebwa na jina la kijiji, badala ya kijiji kusubiri kubebwa na PB.

Kwa wakaangaji wa Mbeya, ambao kazi yao naithamini kwa sababu wanajaribu kuwafanya watu wa mji unaozungukwa na kahawa waache kunywa ya unga ya kopo kutoka dukani, mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Waendelee kuuza PB, ila mfuko uandikwe wilaya, kijiji au chama, mwinuko na namna kahawa ilivyoshughulikiwa, na AA ya fungu hilohilo iwekwe kando yake ili mteja alinganishe mwenyewe. Wasimwambie mtu kwamba ni mbuni wa pekee.

Kwa bodi za AMCOS kazi ni moja, na inaweza kuanza na msimu ujao wa mavuno. Kiwanda cha kukoboa, kinapomaliza fungu la chama, hutoa mchanganuo wa madaraja: kilo za AA, za A, za B, za PB, za C na za makapi. Karatasi hiyo, pamoja na bei ambayo kila daraja lilipata mnadani na makato yote yaliyofuata, ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chama kabla ya malipo ya pili kutolewa, na isomwe kwenye mkutano kwa sauti kwa ajili ya wasioweza kuisoma. Mwanachama ataona kwa macho yake PB ilikuwa kiasi gani na ilileta nini, ataona kiasi gani cha kahawa ya chama kiliangukia madaraja ya chini, na atakuwa na swali la maana la kumuuliza jirani aliyeleta mabichi.